MAISHA YA YAKOBO: BABU ALIYEWABARIKI WAJUKUU WAKE



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wa Mungu wa zamani, tunamtazama Yakobo, mwana wa Isaka. Habari zake tunazijua tangu utoto: ngazi aliyoiona kwenye ndoto huko Beteli, mapigano ya usiku kwenye kivuko cha Yaboki, na wana wake kumi na wawili waliokuwa chanzo cha makabila ya Israeli. Lakini tuangalie jambo moja. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 11, anapotaja imani ya wazee wa kale, hachukui ngazi wala mapigano kuwa ushuhuda wa imani ya Yakobo. Anachukua saa moja tu, ya mwisho kabisa: saa ile mzee aliyekaribia kufa alipowabariki watoto wawili wa Yosefu, yaani wajukuu wake.

Kwa nini saa hiyo? Ili kupata jibu, tufuate maisha yake tangu mwanzo.

Mjukuu wa Abrahamu

Kabla ya kuwa babu, Yakobo alikuwa mjukuu. Kitabu cha Mwanzo kinatupa hesabu. Abrahamu alikuwa na miaka 100 Isaka alipozaliwa. Isaka alikuwa na miaka 60 Rebeka alipozaa mapacha, Esau na Yakobo. Na Abrahamu alikufa akiwa na miaka 175. Ukihesabu vizuri, utaona kwamba Yakobo alikuwa na miaka 15 babu yake alipozikwa katika pango la Makpela. Waraka kwa Waebrania pia unasema kwamba Abrahamu alikaa katika hema pamoja na Isaka na Yakobo, warithi wa ahadi ile ile.

Basi ahadi ya Mungu haikumfikia Yakobo kama habari ya watu wa mbali. Yule aliyeitwa kutoka Uru, aliyehesabu nyota, aliyempeleka Isaka mlimani, alikuwa mzee wa nyumbani mwao. Mbegu ya imani ilipandwa mapema, hata kama ilichukua miaka mingi kuzaa matunda.

Baraka iliyopatikana kwa hila

Ilichukua miaka mingi kweli, kwa sababu ujana wa Yakobo haukuwa mzuri. Isaka alipozeeka na macho yake kuingia giza, alitaka kumbariki Esau, mzaliwa wa kwanza. Yakobo, kwa shauri la mama yake, alivaa nguo za ndugu yake, akafunga ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni, akaingia mbele ya baba yake kipofu akajiita Esau. Mzee alimpapasa, akashikwa na mashaka, lakini mwishowe akambariki.

Baraka alipata, lakini nyumba ilivunjika. Esau alikusudia kumwua. Yakobo akakimbilia Harani kwa mjomba wake Labani, akiwa na fimbo tu mkononi. Huko Mungu hakumwacha, lakini alimfundisha. Yeye aliyedanganya alidanganywa. Alifanya kazi miaka 7 kwa ajili ya Rakeli, usiku wa arusi akapewa Lea. Akafanya kazi miaka mingine 7, kisha 6 kwa ajili ya mifugo. Yote ni miaka 20 ya jua la mchana na baridi ya usiku, na mshahara wake ukibadilishwa mara kumi. Aliporudi Kanana alikuwa na wake, watoto na makundi ya mifugo, na kiuno kilichoteguka. Pale Yaboki alishindana na mjumbe wa Mungu usiku kucha, akapewa jina jipya la Israeli, na tangu hapo akawa anachechemea.

Miaka ya machozi

Njiani kuelekea Efrata, ndiyo Betlehemu, Rakeli mpendwa wake alikufa akimzaa Benyamina. Yakobo akamzika kando ya njia, akasimamisha nguzo juu ya kaburi. Upendo wake wote ukahamia kwa Yosefu, mtoto wa kwanza wa Rakeli. Hapo mzee alikosea. Alimpenda mmoja kupita wengine, tena alionyesha waziwazi, akamshonea kanzu ambayo ndugu zake hawakuwa na mfano wake. Wivu ukaingia nyumbani.

Yosefu alikuwa na miaka 17 ndugu zake walipomwuza kwa vipande 20 vya fedha kwa wafanyabiashara waliokuwa wakienda Misri. Wakachinja mbuzi, wakachovya ile kanzu katika damu, wakampelekea baba yao. Tazameni, ndugu: Yakobo alimdanganya baba yake kwa ngozi ya mbuzi, na watoto wake wakamdanganya yeye kwa damu ya mbuzi. Mzee alirarua nguo zake, akavaa gunia. Watoto wake wote wakaja kumfariji, akakataa faraja. Alikusudia kushuka kaburini akiwa bado analia.

Miaka 22 ilipita hivyo. Tunaipata kwa hesabu: Yosefu alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30, ikafuata miaka 7 ya mavuno mengi na 2 ya njaa kabla hajamwona tena baba yake. Miaka 22 mzee huyu aliomboleza mtu aliye hai. Wako wazazi kati yetu wanaoelewa jambo hili bila kufafanuliwa, wale ambao mtoto aliondoka siku za vita, au alikwenda kwenye machimbo, na habari hazikurudi.

Magari kutoka Misri

Njaa ilipozidi, wana wa Yakobo walishuka Misri kununua ngano, wakauziwa na mtawala wasiyemtambua. Mara ya kwanza Simeoni akafungwa huko. Mara ya pili Benyamina alitakiwa, na mzee akamwachilia kwa uchungu baada ya Yuda kujiweka mdhamini. Mwishowe Yosefu hakuweza kujizuia tena, akajijulisha kwa ndugu zake huku akilia.

Waliporudi Kanana na kumwambia baba yao kwamba Yosefu yu hai na anatawala Misri, moyo wa mzee ulizimia, hakuwaamini. Alikwisha kudanganywa na watoto hawa hawa. Lakini alipoyaona magari ambayo Yosefu alipeleka kumchukua, roho yake ilifufuka. Hakutaka utajiri wala cheo. Alitaka kitu kimoja tu, kumwona mtoto wake kabla ya kufa.

Hata hivyo hakuondoka kwa haraka. Alifika kwanza Beri-Seba, akamtolea Mungu wa baba yake Isaka sadaka. Usiku Mungu akamwambia asiogope kushuka Misri, kwamba atashuka pamoja naye na kumpandisha tena, na kwamba mkono wa Yosefu ndio utakaofunga macho yake. Akaenda na nyumba yake, watu 70. Yosefu akatoka kumlaki katika nchi ya Goseni, akamwangukia shingoni, akalia muda mrefu. Yakobo alikuwa na miaka 130. Akapelekwa mbele ya Farao, na yeye mkimbizi mchechemeaji akambariki mfalme, kisha akasema kwamba siku za maisha yake zimekuwa chache na mbaya.

Chache na mbaya! Ndivyo alivyoona mzee siku ile. Hakujua kwamba Mungu alikuwa bado na zawadi mkononi.

Miaka 17 ya neema

Yakobo alifikiri amekuja Misri kumwona Yosefu na kufa. Mungu akampa miaka 17 tena. Tazameni hesabu ya Mungu. Yosefu alikaa na baba yake miaka 17, ndipo akapotezwa. Na Yakobo akakaa Misri karibu na Yosefu miaka 17. Mungu aliirudisha miaka ile kwa idadi ile ile, tena akaongeza juu yake wajukuu.

Wajukuu hao walikuwa nani? Yosefu alikuwa amemwoa Asenati, binti wa Potifera, kuhani wa mji wa Oni. Kabla ya njaa kuanza akapata naye wana wawili. Wa kwanza alimwita Manase, jina la kusahau, kwa kuwa alisema Mungu amemsahaulisha taabu yake yote na nyumba yote ya baba yake. Wa pili alimwita Efraimu, jina la uzazi na matunda.

Tulitafakari jina la Manase. Huyu alikuwa mtoto wa nyumba ya mkubwa wa Misri. Mama yake ni Mmisri, babu yake upande wa mama ni kuhani wa miungu ya Misri. Hakuona Kanana wala kaburi la Abrahamu. Na kila alipoitwa kwa jina lake, jina hilo lilisema kwamba nyumba ya Yakobo imesahauliwa. Babu mwingine angesema kwamba hawa si watu wetu, ni watoto wa kigeni, hawajui desturi wala lugha ya wazee. Yakobo hakusema hivyo.

Mikono iliyopishana

Mwanzo sura ya 48 inasimulia. Yosefu aliambiwa kwamba baba yake ni mgonjwa. Akawachukua Manase na Efraimu akaenda. Picha nyingi zinawaonyesha kama watoto wadogo, lakini kwa hesabu ya Maandiko walikuwa tayari vijana wa miaka 20 hivi, kwa sababu walizaliwa kabla ya njaa na babu yao alikuwa amekaa Misri miaka 17. Mzee aliposikia Yosefu amefika, alijitia nguvu, akaketi kitandani. Mgonjwa wa miaka 147 aliinuka kwa sababu ya wageni hawa.

Jambo la kwanza, aliwasimulia. Alisema jinsi Mungu Mwenyezi alivyomtokea Luzu, ndiyo Beteli, na kumwahidi uzao na nchi. Alisimulia kifo cha Rakeli, bibi yao ambaye hawakumwona. Jambo la pili, aliwapokea. Alitangaza kwamba Efraimu na Manase ni wake, kama Rubeni na Simeoni walivyo wake. Wajukuu waliozaliwa ugenini walipewa fungu la watoto. Jina la kusahau likaandikwa katika nyumba ya ahadi.

Kisha mzee akauliza hawa ni nani, maana macho yake yalikuwa mazito kwa uzee. Yosefu akawasogeza, naye akawabusu na kuwakumbatia. Ndipo furaha yake ikatoka kinywani: hakutazamia kuuona tena uso wa Yosefu, na tazama, Mungu amemwonyesha hata uzao wake. Yule aliyemwambia Farao kwamba siku zake ni chache na mbaya, sasa anahesabu kile Mungu alichozidisha. Hakuna aliyemhubiria. Ni vijana wawili mikononi mwake waliomfanya aone.

Yosefu akawapanga, Manase mkubwa upande wa mkono wa kuume wa mzee, Efraimu mdogo upande wa kushoto. Lakini Yakobo akapishanisha mikono, wa kuume juu ya kichwa cha Efraimu, wa kushoto juu ya Manase. Akamwomba Mungu ambaye baba zake Abrahamu na Isaka walienenda mbele zake, Mungu aliyemchunga maisha yake yote hata siku ile, awabariki vijana hao. Yosefu akachukizwa, akataka kuuhamisha mkono, akidhani baba yake amekosea kwa upofu. Mzee akakataa. Alijua anachofanya. Manase naye atakuwa mkuu, lakini mdogo atampita.

Ndugu, tulinganishe siku hizi mbili. Zamani kipofu Isaka alipapasa mikono iliyofunikwa ngozi ya mbuzi, na baraka ikapita kwa uongo, na ndugu wawili wakawa maadui. Sasa Yakobo ndiye kipofu. Lakini hakuna aliyejificha, hakuna aliyefukuzwa chumbani, wote wawili wamebarikiwa pamoja kwa sala moja. Na kati ya Manase na Efraimu, ndugu hawa wawili, Maandiko hayasimulii ugomvi wowote. Kidonda cha nyumba ile, kilichoanza na baraka iliyoibwa, kilipona katika baraka iliyotolewa kwa wajukuu. Hata leo wazazi wa Kiyahudi wanapowabariki watoto wao wa kiume jioni ya kuingia Sabato, huwaombea wawe kama Efraimu na Manase.

Hiyo ndiyo sababu Waebrania walionyeshwa saa hii. Kwenye ngazi ya Beteli Yakobo alikuwa mpokeaji. Huko Yaboki alidai baraka yake mwenyewe. Lakini hapa hakuomba kitu. Alikuwa mgeni katika nchi ya wengine, akaweka mikono juu ya vichwa vyao kama mtu aliyekwisha kuona siku zijazo. Hiyo ni imani. Na ahadi haikuanguka: Yoshua, aliyewaingiza Waisraeli katika nchi ya Kanana, alitoka katika kabila la Efraimu.

Kurudi kwa baba zake

Baada ya kuwabariki pia wana wake wote, Yakobo alikusanya miguu yake kitandani, akakata roho. Yosefu akamwangukia usoni, akalia. Waganga walimpaka dawa siku 40, na Wamisri wakamlilia siku 70. Kisha wana wake wakamchukua mpaka Kanana, wakamzika katika pango la Makpela, kama alivyowaapisha.

Sisi tunayaelewa haya kwa namna ya pekee. Papa Simon Kimbangu alikamatwa Septemba 1921, akahukumiwa kufa huko Thysville, ndiyo Mbanza-Ngungu, tarehe 3 Oktoba 1921. Hukumu hiyo ikageuzwa kifungo cha maisha, akapelekwa mbali na watu wake, katika gereza la Elisabethville, mji unaoitwa sasa Lubumbashi. Alikaa kifungoni miaka 30, akafa huko tarehe 12 Oktoba 1951. Hakurudi Nkamba akiwa hai. Lakini mwaka 1960 mwili wake ulichukuliwa na kupelekwa Nkamba, kama mwili wa Yakobo ulivyopelekwa kwa baba zake.

Na tusimsahau Mama Mwilu Marie, aliyebaki na watoto watatu, Kisolokele, Dialungana na Diangienda, akalinda kundi la waamini katika miaka ya mateso. Siku ile ile ya 12 Oktoba 1951, Papa Dialungana alipata mtoto, akaitwa Simon Kimbangu Kiangani. Siku ya msiba ikawa pia siku ya kuzaliwa kwa mjukuu. Mama Mwilu aliishi hadi tarehe 27 Aprili 1959. Mungu wa Yakobo hakumwacha ashuke kaburini kabla ya kuona uzao.

Fundisho kwetu

Wapendwa, tuseme ukweli wa nchi yetu. Kwa Yakobo, mkono wa mzee juu ya kichwa cha mjukuu ulikuwa baraka. Kwetu, katika nyumba nyingi, mkono huo umekuwa kitu cha kuogopwa. Mtoto akiugua, bibi anatazamwa vibaya. Kazi ikikosekana, wanasema ni mzee wa kijijini. Wengine hawapeleki tena watoto kwa babu na bibi. Na upande mwingine, mtoto yatima anayelelewa na bibi yake naye anaitwa mchawi na kutupwa barabarani. Katiba ya nchi ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza pia. Lakini kabla ya sheria ya serikali, amri ya upendo ilikwisha kukataza. Mkristo anayemtenga mzee na mjukuu kwa maneno ya uchawi anafunga mlango ambao Mungu aliufungua kwa Yakobo.

Ninyi mababu na mabibi, msiseme siku zenu zimekwisha. Miaka 17 ya mwisho ya Yakobo ndiyo iliyobeba ushuhuda wake. Msiwakatae wajukuu kwa sababu walizaliwa mjini, kwa sababu mama yao ni wa kabila lingine, kwa sababu wanasema Kiswahili na Kifaransa tu na lugha ya kijiji hawaijui. Manase naye alikuwa hivyo. Waiteni, waketisheni karibu, wasimulieni mlivyoona Mungu akitenda, na misiba pia msiifiche. Kisha wekeni mikono juu yao, muombe.

Ninyi wazazi, fanyeni kama Yosefu. Alikuwa mkuu wa nchi nzima, kazi hazikumwishia, lakini aliposikia mzee ni mgonjwa alichukua wanawe wote wawili akaenda. Hakupeleka pesa peke yake.

Ninyi vijana, macho ya mzee yakiwa na giza, msidhani haoni. Yosefu alidhani hivyo, na mzee ndiye aliyeona mbali.

Upendo, Amri na Kazi, misingi hii mitatu ya Kanisa letu, haianzi hekaluni. Inaanza kwenye kitanda cha mzee, pale wajukuu wanapokaribia.

Mungu aliyemchunga Yakobo tangu ujana hadi uzee awachunge wazee wetu, awape kuona watoto wa watoto wao katika amani, na aibariki nchi yetu. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.